Padi Nyepesi

Waithera aligundua kwamba Nashon alikuwa anajiachilia kufungwa.

Hakuwa mtu wa kujua mambo ya gemu. Kwa miaka yote ambayo mdogo wake Maina na rafiki yake huyo walikuwa wakikaa mbele ya televisheni kila Jumamosi, yeye alipita tu sebuleni na beseni la nguo, akaona vijitu vya rangi vikikimbizana nyasini, akaendelea na shughuli zake. Siku hiyo alisimama nyuma ya kochi akisubiri kikombe cha chai, macho yake yakaangukia mikono ya Nashon. Mpira ulikuwa unaelekea golini kwake, na kidole gumba chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya kitufe, kimetulia hewani. Hakikushuka. Mpira ukaingia.

"Umelala, buda," Maina akamwambia.

"Leo uko moto. Sikuwezi."

 Maina alikuwa na miaka kumi na tisa, na ugonjwa wa misuli alizaliwa nao. Utotoni alikuwa akianguka ovyo, watu wakasema ni uzembe. Alipofika darasa la sita miguu ikamkataa kabisa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na Nashon, ambaye walisoma dawati moja, ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni palipokuwa na ngazi. Baada ya miguu yakafuata mabega, kisha mikono. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huo hupanda kama maji ya mafuriko, haurudi nyuma, na kwamba mwisho wake ni kifuani.

Nashon alipoaga, Waithera akamsindikiza hadi getini. Waithera, Maina na mama yao waliishi kwenye nyumba ya mawe aliyoiacha marehemu baba yao nyuma ya Dagoretti Corner, na vyumba vya kupangisha uani.

"Nashon, kwani unamwachia?"

Nashon akatazama viatu vyake. Alikuwa fundi wa simu huko Kawangware, kijana mwembamba asiyependa maneno mengi. "Tangu Pasaka."

"Anajua?"

"Maina si mjinga." Akavuta pumzi. "Vidole vyake vya mbele havifiki zile batani za nyuma. Na ile padi inamlemea. Anaiweka kwa mapaja, ikiteleza hawezi kuiokota. Usimwambie nimesema."

Waithera alikuwa ameiokota padi hiyo sakafuni mara nyingi, kidude cheusi cha vitufe na waya mrefu, akidhani Maina huiangusha kwa kutojali.

"Kuna mashine mpya ya gemu imefika town," Nashon akaendelea. "Ya tatu hii. Nimeishika padi yake. Haina hata waya. Ni kama kushika ganda la yai."

Neno hilo halikumtoka Waithera. Alifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno kule Lavington, na wiki nzima, akiandika majina ya watoto walioletwa na madereva, aliliwaza ganda la yai. Ugonjwa wa Maina haukuwa na dawa wala upasuaji. Watu walikuwa wamemwambia asali, wamemwambia maji ya mhubiri fulani, na vyote alivijaribu. Sasa kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu halisi kilichowekwa kwenye kabati la duka, na pesa za kukinunua alikuwa nazo kwenye chama cha akiba. Ilikuwa ni kuamua tu.

Mama yao, Virginia, alikuwa uani akibambua maganda ya minji alipoambiwa.

"Ile ya zamani imeharibika?"

"Haijaharibika, Maitu. Ni mikono yake inashindwa nayo."

Virginia akaendelea kutupa minji kwenye sufuria. "Babako tulimnunulia koti, unakumbuka? Wakati tulishajua hatapona. Koti zuri la sufu. Hakulivaa hata siku moja. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akageukia ukuta."

"Hii si kama koti."

"Ni kuaga mtu, Waithera. Boksi jipya likiingia kwa huo mlango, mimi nitajua ni kuaga, na yeye atajua."

"Na tusipomnunulia, tutasema hizo pesa tulikuwa tunamwekea ya nini?"

 Vidole vya mama yake vilisimama, kisha vikaendelea. "Muulize mwenyewe," akasema mwishowe. "Usimletee kama zawadi ya ghafla. Muulize kama mwanamume."

Waithera akamuuliza jioni hiyohiyo, akimkanda miguu. Hakuwa hata amemaliza sentensi.

"Haifai," Maina akasema. "Saa hii haifai hata kidogo. CD za mtaani hiyo mashine inazikataa, kila gemu lazima ununue orijino. Na gemu zenyewe ziko chache. Halafu angalia hii TV yetu, hiyo picha yote wanasifu haitaonekana hapa. Itakuwa ni kununua suti uvalishe mbuzi. Mtu mwenye akili anangoja mwaka moja, mbili, bei ishuke."

Alisema yote hayo kwa mkupuo, pumzi ikimkatika, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kwa swali hilo muda mrefu. Aliposema mwaka mmoja au miwili, Waithera akainamisha uso kwenye miguu yake, akaendelea kukanda.

"Na padi?"

Maina akamkazia macho. "Nani amekuambia mambo ya padi?"

"Nimeuliza tu."

"Padi wanasema ni poa."

"Basi twende ukaishike. Usipoipenda tunarudi."

Maina alikuwa hajafika katikati ya mji tangu mazishi ya baba yao. Akatazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani. "Kuangalia tu," akasema.

Wakaenda Jumamosi, kwa teksi, Waithera na Nashon na Maina. Duka lilikuwa ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani karibu na Biashara Street, na lifti ilikuwa imekufa. Nashon akachuchumaa, Waithera akampandisha Maina mgongoni kwake, kisha yeye akafuata nyuma na kiti kilichokunjwa. Shingo ya Maina haikuwa na nguvu, kichwa kikawa kinalala begani kwa Nashon. Watu waliokuwa wakishuka walijibanza ukutani kuwapisha. Mwanamke mmoja akamwambia Waithera pole, akafanya ishara ya msalaba, na Waithera akaona masikio ya Maina yakiiva kwa aibu.

Mwenye duka alikuwa kijana wa Kihindi aliyeitwa Varun, mzaliwa wa Nairobi hiihii, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kama chao. Hakuuliza kilichompata Maina. Alisogeza maboksi, akapisha nafasi ya kiti mbele ya televisheni kubwa bapa, akamwambia yeye wa kwanza, kabla ya Waithera na kabla ya Nashon, "Niaje bro. Wewe unacheza nini?"

"Mpira tu."

"Basi tuone."

Akamwekea padi mikononi. Waithera alisimama pembeni akishikilia mkoba kifuani. Maina alizungusha vidole vyake taratibu, akavipanga, kisha akaiinua ile padi kutoka mapajani. Ilikuwa ni kiasi cha upana wa kiganja tu, lakini aliiinua, na dada yake alikuwa amesahau mara ya mwisho kumwona akiinua kitu.

"Mbona nyepesi hivi?" Nashon akauliza.

"Wametoa mota," Varun akasema. "Ile ya zamani iko na mota mbili ndani, za kutingisha mkono. Hii hawakuweka. Wengine wanalalamika."

Mchezo ukaanza. Maina akawa mtu mwingine. Alipitisha mpira huku na huku kwa vidole gumba pekee, akamvuta Varun upande mmoja, akaukata mpira upande wa pili, na kabla Waithera hajaelewa kilichotokea, bao lilikuwa limeingia. Wateja wawili waliokuwa wakichagua waya wakasogea kutazama. Varun akacheka, akavuta kiti karibu na skrini. Waithera akafungua zipu ya mkoba.

Kisha Varun akaanza kucheza kwa dhati. Hakuwa akijua kwamba kuna la kujua. Wachezaji wake walikimbia na wale wa Maina wakatembea, kwa sababu kitufe cha kukimbia kilikuwa nyuma ya padi, na kidole cha shahada cha Maina kilikuwa kinatambaa kukitafuta, kinafika ukingoni, kinateleza. Likaingia la kusawazisha, na jingine, na jingine. Maina alijaribu kuibana padi tumboni ili kitufe kijibonyeze chenyewe. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nashon alikuwa akisoma bei zilizobandikwa ukutani.

Varun akausimamisha mchezo. "Hizo batani unaweza kubadilisha," akasema polepole. "Unaweka ya kukimbia hapa mbele."

"Najua. Nyumbani nilibadilisha mwaka jana," Maina akasema. "Zote zimekuja mbele. Imebaki hiyo moja, na haina pa kuhamia."

 Waithera akasogea kaunta. "Tutaichukua."

"Hapana, Waithera."

"Umeona vile ni nyepesi. Umeiinua, nimekuona."

"Ni nyepesi. Usinunue." Akamgeukia Varun. "Samahani, tumekupotezea wakati."

"Hamjanipotezea," Varun akasema. "Lile bao lako lilikuwa safi. Sikukuachia."

"Najua hukuniachia," Maina akajibu.

Nashon akachuchumaa tena, akampokea mgongoni, wakashuka ngazi.

Teksi ilikwama kwenye foleni Ngong Road. Waithera alikuwa amekaa nyuma na Maina, akimshikilia asiinamie mbele gari linapofunga breki, na alikuwa amejaa hasira. Hakujua anamkasirikia nani. Alikuwa amejiona tayari akiingia nyumbani na lile boksi, mama akiliona, majirani wakiliona. Kila mtu angejua kwamba dada yake alifanya kitu.

"Niambie ukweli," akasema. "Si mambo ya CD. Ukweli."

Maina alitazama mgongo wa kiti cha mbele. "Ile ya nyumbani nikifungwa, nasema padi imechoka. Batani imelegea. Watu wote wanakubali. Nashon anakubali, wewe unakubali. Sasa niletewe mpya, nyepesi, ya maana. Hiyo nikishindwa nayo nitasema nini?"

Dereva akazima redio, kisha akaonekana kujuta, akaiwasha tena.

"Na wewe Nashon," Maina akasema, "wacha kuniachia. Mimi nikifungwa nifungwe."

Nashon, aliyekaa mbele, hakugeuka. "Sawa," akasema.

Ndivyo ile mashine mpya ilivyokosa kununuliwa. Lakini Jumamosi iliyofuata Nashon alikuja na bisibisi zake za simu, akaigeuza padi ya zamani chali mezani, akaifungua. Ndani mlikuwa na mota mbili ndogo, kila moja na kipande cha chuma kizito mwishoni.

"Nikitoa hizi, itakuwa karibu kama ile ya kwa Varun. Lakini haitatingika tena."

Maina aliziangalia. "Hiyo kutingika ndio nilikuwa nasikia mpira ukigonga mwamba."

"Ndio nakuuliza."

"Toa."

Tangu siku hiyo Nashon akawa anamfunga bila huruma, na Waithera akiwa jikoni alijua matokeo bila kuuliza. Zamani baada ya kila mchezo Maina alikuwa akinyamaza. Sasa alitukana, alidai marudiano, na mara chache sana aliposhinda alipiga kelele mpaka kikohozi kikamshika, na Virginia akaja mbio kumpigapiga mgongo, akinung'unika kwamba mpira wa uongo utamuulia mtoto. Miezi mitatu minne ilipita hivyo. Mvua za vuli zilipokwisha, kidole gumba cha kushoto nacho kikaanza kuchelewa. Maina alicheza kwa kimoja kilichobaki. Hakusema padi imechoka.

Mwisho wa mwaka kura zikapigwa, na matokeo yalipotangazwa nchi ikawaka. Kutoka uani waliona moshi ukipanda upande wa Kawangware, mweusi, mchana kutwa. Simu ya Nashon haikupatikana. Watu waliotoka huko walisema mstari wa nyumba alikokaa ulikuwa umeteketezwa, kwa sababu ya kabila la waliokuwa wakiishi humo, na hawakujua nani alitoka. Vijana wa mtaa walikuja getini wakiuliza majina ya wapangaji. Virginia alisimama mbele yao na ufagio mkononi, akawaambia hapo hakuna majina, kuna watoto wake tu. Wakaondoka, lakini usiku uleule familia mbili zilifunga virago bila kuaga.

Maina aliuliza kila asubuhi, "Nashon amepiga?" Mwishowe akaacha kuuliza.

Kliniki ilikuwa imefungwa, na Waithera alishinda nyumbani akisikiliza habari. Mchana mmoja, kwa kuchoka na habari, akaiwasha mashine mwenyewe, akaketi mahali pa Nashon, akaichukua padi. Mikono ya Maina wakati huo ilikuwa imelala tu juu ya blanketi.

"Niambie nifanye nini."

"Unataka kucheza na nani?"

"Na kompyuta. Wewe niongoze."

"Tutaaibika," Maina akasema, lakini macho yake yalikwenda kwenye skrini.

Wakaaibika. Waithera hakuweza kutofautisha wachezaji wao na wa maadui. Aliwapa maadui pasi, alipiga mpira nje, mara moja alijifunga mwenyewe. "Kulia," Maina alisema kwa sauti yake iliyokwisha nguvu. "Kulia yako, Waithera, si ya jirani. Mraba. Bonyeza mraba. Huo ni msalaba." Siku nyingine alicheka mpaka akalazimika kufumba macho kupata hewa. Walicheza kila mchana, wakafungwa kila mchana, na mama yao akawa analeta kazi zake za mkono sebuleni, anakaa nyuma yao.

Kifua kilimbana mwisho wa Januari. Waithera alipiga simu kwa madereva wa teksi aliowajua. Mmoja alisema barabara imefungwa kwa mawe, mwingine hakushika. Jirani mwenye gari aliposema atajaribu, Maina alikuwa tayari amebadilika rangi ya midomo. Alikuwa ameketishwa wima kwa mito, dada yake upande mmoja na mama yake upande mwingine, jua likiwa limejaa chumbani. Alivuta pumzi fupi, kisha nyingine fupi zaidi, kisha wakasubiri ambayo haikuja. Virginia ndiye aliyemfumba macho. Walimzika Lang'ata na watu wachache, maana wengi waliogopa kusafiri.

Nashon alikuja mwezi wa Aprili. Viongozi walikuwa wamepeana mikono na matatu zikawa zinapita tena kama kawaida. Virginia ndiye aliyefungua geti. Kijana alikuwa amekonda, na shati alilovaa lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, mathe. Maina ameamka?"

Virginia alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha. Akamwita Waithera, kisha akaenda jikoni na hakurudi haraka.

Waithera alimwambia. Hakujua namna ya kulizungusha jambo hilo, akalisema lilivyo. Nashon alikaa akitazama televisheni iliyozimwa.

"Simu yangu iliungua na nyumba," akasema. "Namba zenu zilikuwa humo. Tulilala Jamhuri, pale uwanja wa maonyesho, karibu mwezi. Halafu wakatupeleka nyumbani, Siaya." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Jamhuri ni hapo tu. Kutembea na miguu unafika hapa. Niliogopa kupita hapo kona na jina langu hili."

"Ungepita wangekuua."

"Najua. Lakini ni hapo tu."

Nashon akaitazama padi iliyokuwa mezani.

"Alikuwa anacheza na nani?"

"Na mimi."

"Wewe?"

"Yeye alikuwa anasema, mimi nabonyeza. Tulifungwa zote."

Nashon akainamisha kichwa, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Virginia aliingia na chai, akaiweka mbele yake, akasubiri mpaka alipojifuta.

"Kuna vyumba viwili viko wazi uani," akamwambia. "Chukua kimoja. Sitakuuliza kodi mpaka usimame."

Nashon alishukuru. Alisema atafikiria. Akanywa chai yote, akawapa mkono, na Waithera akamsindikiza hadi getini. Hapo alitazama kwanza upande mmoja wa barabara, kisha upande wa pili, ndipo akatoka, akitembea upesi karibu na ukuta. Virginia alikifagia kile chumba kesho yake, akakiacha wazi hadi mwisho wa mwezi. Kisha akampangisha mtu mwingine.